Presha yako ipimwe mkono upi? Maswali na majibu kuhusu ugonjwa wa Takayasu na daktari wa familia wa uanachama

Takayasu ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa adimu wa mishipa mikubwa ya damu. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inageuka na kushambulia kuta za aota, yaani mshipa mkuu unaotoka moyoni, pamoja na matawi yake yanayopeleka damu mikononi, kichwani na kwenye figo. Kuta huvimba, baadaye huwa nene, na njia ya damu hubana kama bomba lililojaa kutu. Mahali pengine mshipa huziba kabisa. Kwingine ukuta hulegea na kutanuka.

Jina lilitokana na Mikito Takayasu, daktari wa macho wa Japani. Mwaka 1908 alieleza mishipa isiyo ya kawaida aliyoiona ndani ya macho ya mwanamke wa miaka 21. Wenzake wawili, Onishi na Kagoshima, wakasema nao wamekutana na wagonjwa wa namna hiyo, tena mapigo yao hayakusikika kwenye kifundo cha mkono. Ndiyo maana ugonjwa huu huitwa pia ugonjwa wa kukosa mapigo. Huwapata zaidi wanawake vijana, wengi wao kabla ya kufika miaka 40. Katika kila wagonjwa kumi, wanane au tisa ni wanawake, ingawa wanaume na watoto hawako salama kabisa.

Mbona wengi huzunguka hospitali kwa miaka kabla ya kuambiwa jina la ugonjwa?

Kwa sababu mwanzoni unajificha nyuma ya dalili za kila siku: uchovu usioisha, homa ndogondogo, jasho la usiku, kupungua uzito, viungo kuuma. Mgonjwa hutibiwa homa, hupimwa kifua kikuu, huambiwa apumzike. Majibu yanatoka safi, anarudi nyumbani na uchovu wake. Baadaye mishipa ikishabana, mkono unachoka na kuuma akianika nguo au akichana nywele, anapata kizunguzungu akisimama, shingo inauma upande mmoja pale mshipa unapopita, macho yanafifia kwa muda. Wengine hugundulika kwa presha ya juu tu. Msichana wa miaka 22 mwenye presha ya juu asiandikiwe vidonge na kuruhusiwa bila mtu kuuliza imetoka wapi.

Kinachosikitisha ni kwamba dalili kubwa inaweza kuonekana bila mashine ya gharama. Shika mapigo ya mikono yote miwili. Pima presha mikono yote miwili. Weka kipimio cha kusikilizia shingoni na chini ya mfupa wa mtulinga, usikilize kama damu inavuma ikipita. Kazi hii huchukua dakika tano, na dakika tano ndizo zinazokosekana kwenye foleni ndefu. Kuthibitisha ni kwa picha za mishipa, kama MRI, CT au ultrasaundi.

Inawezekanaje presha isome chini wakati kwa kweli iko juu?

Tumchukue dada wa mfano, miaka 27. Kila asubuhi kichwa kinamgonga. Kliniki wanamfunga mkanda wa mashine mkono wa kushoto, inasoma 86 kwa 58. Anaambiwa presha imeshuka, anywe maji zaidi. Anafanya hivyo, na kichwa hakiachi.

Siku nyingine anakutana na daktari anayemshika vifundo vyote viwili kwa wakati mmoja. Kulia mshipa unagonga vizuri chini ya vidole. Kushoto hakuna kitu, labda mtetemo kidogo akitulia na kutafuta. Daktari anapima kushoto, namba ni zilezile za chini, kisha papo hapo anahamisha mkanda mkono wa kulia: 168 kwa 102. Mtu ni yuleyule na dakika ni ileile.

Presha inayoupiga moyo wake, ubongo wake na figo zake ni ile ya 168. Mkono wa kushoto ulisoma chini kwa sababu mshipa unaoulisha umebana huko juu, chini ya mtulinga, na damu inafika ikiwa imeishiwa nguvu. Katika vigezo vya kimataifa vya mwaka 2022 vya kuutambua ugonjwa huu, tofauti ya 20 au zaidi katika namba ya juu kati ya mkono na mkono ni mojawapo ya alama zinazohesabiwa.

Kuna wagonjwa ambao mishipa ya mikono yote miwili imebana. Hao hupimwa mguuni, kwa mkanda mpana unaotosha paja, mradi mishipa ya kuelekea miguuni ni mizima. Mwambie daktari wako aandike kwa herufi kubwa, mwanzo kabisa wa faili lako: PRESHA IPIMWE HAPA. Mtu wa zamu ambaye hajawahi kukuona asilazimike kubahatisha.

Daktari wa uanachama ni daktari wa namna gani?

Ni daktari wa familia, wa huduma ya msingi, ambaye unamlipa ada ya mwezi au ya mwaka moja kwa moja badala ya kulipa kila unapomwona au kupitia bima. Mtindo huu umeenea zaidi Marekani. Kwa kuwa ada ndiyo inayoendesha kliniki, daktari huweza kuwa na wanachama mia kadhaa tu badala ya maelfu. Matokeo yake miadi huwa mirefu, nusu saa au hata saa nzima, na katikati ya miadi unaweza kumpigia au kumtumia ujumbe, naye anakufahamu.

Ada hiyo si bima. Hailipii kulazwa, upasuaji, picha za MRI wala dawa za sindano za bei kubwa. Anayeacha bima yake kwa sababu amejiunga na kliniki ya uanachama, huku ana ugonjwa wa mishipa, anajiweka pabaya sana. Vitu hivi viwili viende pamoja.

Basi nikiwa naye, bado namhitaji daktari bingwa?

Ndiyo, bila mjadala. Takayasu inaongozwa na bingwa wa magonjwa ya viungo na kinga ya mwili, akishirikiana na wa moyo na mishipa, wakati mwingine wa figo na wa macho. Hao ndio wanaoamua dawa ipi ianze, picha zirudiwe lini, na kama kuna mshipa wa kufunguliwa kwa puto au kupandikizwa njia nyingine. Upasuaji wa namna hiyo, usipokuwa wa dharura, husubiri hadi uvimbe utulie, kwani mshipa uliofunguliwa ungali unawaka huwa rahisi kuziba tena.

Lakini bingwa unamwona mara chache kwa mwaka. Siku zote zilizobaki unaishi na mafua, na jino linalouma, na vidonge vinavyokaribia kuisha, na swali dogo ambalo huoni haya kumuuliza mtu anayekujua. Hapo ndipo thamani ya daktari wa familia ilipo. Kwa maoni yangu unachonunua kwa ada hiyo ni muda, pamoja na mtu mmoja anayeishika kamba yote isikatike kati ya ofisi moja na nyingine.

Mwezi hadi mwezi anafanya nini hasa?

Sehemu kubwa ya kazi ni kulinda mwili dhidi ya dawa zenyewe. Matibabu kwa kawaida huanza na prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi inayofanana na homoni ya mwili, kwa mtu mzima miligramu 40 hadi 60 kwa siku, kisha hupunguzwa taratibu kwa miezi mingi. Inasaidia haraka, na inadai gharama yake: sukari hupanda, presha hupanda, mifupa hudhoofika, uso hujaa, usingizi hupotea, mtoto wa jicho huweza kuanza mapema. Daktari wa familia anapima sukari na presha, anahakikisha unapata kalsiamu na vitamini D, anakupeleka kupimwa macho. Na anakukumbusha jambo ambalo kila anayetumia dawa hii lazima alijue: usiiache ghafla. Baada ya wiki kadhaa za kuimeza, tezi zinazotengeneza homoni ya aina hiyo mwilini huwa zimelala, na ukikatisha ghafla unaweza kuzimia na hata kufa. Kwa hiyo vidonge visikuishie Ijumaa jioni. Ujumbe mmoja kwa daktari siku tatu kabla unatosha.

Pamoja na prednisoloni wengi hupewa methotreksati, azathioprini au dawa nyingine za kutuliza kinga, na kwa baadhi dawa za sindano kama tosilizumabu au infliksimabu. Methotreksati humezwa mara moja kwa wiki. Nairudia kwa sababu watu wamepoteza maisha kwa kuimeza kila siku. Chagua siku moja, mathalani Jumapili, iandikwe kwenye pakiti kwa kalamu nene, na watu wa nyumbani waijue. Damu hupimwa mara kwa mara kuangalia ini, figo na chembechembe za damu.

Halafu kuna mtego ambao daktari asiyekujua anaweza kuuingia kwa nia njema. Umepata maambukizi ya mkojo, unakwenda mahali popote, unaandikiwa kotrimoksazoli, ile wengi tunaiita Septrin. Pamoja na methotreksati inaweza kuangusha uboho, damu ikashindwa kutengenezwa. Daktari anayeshika orodha yako yote ya dawa angeandika nyingine, kwa simu tu, bila wewe kutoka nyumbani.

Chanjo pia ni zake. Za mafua na nimonia hupendekezwa. Zile zenye kirusi hai, kama ya homa ya manjano, kwa kawaida huepukwa ukiwa kwenye dawa nzito za kutuliza kinga. Na kabla ya kuanza sindano zile, upimwe kifua kikuu kilicholala na homa ya ini aina ya B, kwani kinga ikitulizwa vyote viwili huweza kuamka.

Vipimo vyangu vya damu viko sawa lakini mkono umeanza kuuma tena. Niamini nini?

Amini mkono, upeleke habari. ESR na CRP, vipimo vinavyoonyesha uvimbe mwilini, vinaweza kuwa vya kawaida kabisa huku ukuta wa mshipa ukiendelea kuharibika. Ndiyo maana picha hurudiwa. Ugonjwa huu una tabia ya kurudi, hasa dozi inapopunguzwa. Kuwa na daftari dogo: presha ya mkono ule uliokubaliwa, saa, na jambo lolote jipya. “Leo nilishindwa kumaliza kuanika shuka, mkono wa kulia” ni taarifa ya kitabibu. Daktari aliyekuona mwezi uliopita ataona tofauti, na anaweza kumpigia bingwa siku hiyohiyo badala ya kusubiri miadi ya miezi minne ijayo.

Nataka kupata mtoto. Je, nimekatazwa?

Wanawake wengi wenye Takayasu hubeba mimba na kujifungua salama, lakini ipangwe mapema, ugonjwa ukiwa umetulia. Methotreksati na mikofenolati, dawa nyingine ya kutuliza kinga, huharibu mimba, hivyo hubadilishwa miezi kadhaa kabla. Baadhi ya dawa za presha, kama enalaprili na losartani, nazo hazifai ukiwa mjamzito. Hizohizo zinahitaji uangalifu hata bila mimba iwapo mishipa ya figo imebana, kwani figo zinaweza kudorora. Hatari kubwa ya ujauzito ni presha kupanda na kifafa cha mimba, na hapa tunarudi palepale: wakunga nao waambiwe mapema ni mkono upi wa kupima. Kama bado hujawa tayari kuzaa, zungumza kuhusu njia ya uzazi wa mpango. Vidonge vyenye estrojeni havimfai mwenye presha ya juu au mishipa iliyoathirika.

Niulize nini kabla ya kulipa ada?

Uliza daktari ana wanachama wangapi. Uliza nani hujibu usiku na sikukuu. Uliza kama yuko tayari kuandikiana na mabingwa wako na kupokea ripoti zao, na itakuwaje ukilazwa. Uliza vipimo gani vimo ndani ya ada na vipi utalipia pembeni. Halafu mwulize kama amewahi kumhudumia mgonjwa wa Takayasu. Akisema “sijawahi, lakini nitasoma na nitampigia bingwa wako”, mimi ningempa nafasi. Anayesema anajua kila kitu kuhusu ugonjwa adimu ndiye anayenitia wasiwasi.

Kama ada hiyo itakufanya upunguze dawa au uache bima, usijiunge. Muuguzi au daktari wa kliniki ya kawaida anayekuona mara kwa mara, mwenye faili lako lenye ile herufi kubwa mwanzoni, anaweza kufanya sehemu kubwa ya haya yote.

Ni wakati gani nisimtumie ujumbe bali nikimbilie hospitali?

Mdomo ukipinda, mkono au mguu ukifa ganzi au ukikosa nguvu ghafla, maneno yakigoma kutoka, jicho likizimika, kifua kikibana au kikiuma kwa maumivu makali yanayochana hadi mgongoni, pumzi ikikata, ukizimia, au kiungo kikiwa cha baridi, cheupe na chenye maumivu. Vilevile homa kali ukiwa kwenye dawa za kutuliza kinga, au kutapika kunakokuzuia kubakiza prednisoloni tumboni. Usikae ukisubiri simu ionyeshe kwamba ujumbe umesomwa. Beba orodha ya dawa na karatasi inayosema presha ipimwe wapi, ondoka, na anayekusindikiza ndiye ampigie daktari wako mkiwa njiani.