Anda si chanzo cha umaskini wa Komoro

Wiki iliyopita, mwishoni mwa mhadhara nilioutoa Dar es Salaam kuhusu biashara ya visiwa vidogo vya Bahari ya Hindi, mzee mmoja mwenye heshima zake, aliyestaafu kazi ya benki, alisimama akasema: “Mwalimu, umetueleza bandari, umetueleza sarafu, lakini ukweli tunaujua sote. Wangazija wanamalizwa na harusi. Mtu anajinyima miaka ishirini Marseille kule Ufaransa, kisha anakuja kuzitawanya fedha zote kwa wiki mbili.” Ukumbi mzima uliafiki. Nilimjibu kwa kifupi, kwa kuwa ni mkubwa wangu na muda ulikuwa umekwisha. Lakini neno hili, kwamba anda, ndoa kuu ya Wangazija, ndiyo inayoiweka Komoro katika umaskini, nimelisikia Unguja, Mombasa na hata Moroni kwenyewe, tena kutoka kwa vijana wasomi wa Kingazija, na safari hii nimeona nilijibu kwa urefu, kwa sababu linawafanya watu wenye nia njema watafute jeraha mahali lisipokuwapo.

Nianze na cheo chenyewe, yaani namna Komoro inavyoorodheshwa kati ya nchi maskini. Julai 2019 Benki ya Dunia iliihamisha Komoro kutoka kundi la nchi za kipato cha chini kwenda kundi la kipato cha kati cha chini, ambalo mwaka huo lilianzia dola 1,026 za pato la taifa kwa kila mtu. Miezi miwili na kitu kabla ya hapo, mwishoni mwa Aprili, Kimbunga Kenneth kilikuwa kimepita karibu na ncha ya kaskazini ya Ngazija na kuangusha migomba, minazi na mapaa ya nyumba. Hakuna mkulima aliyetajirika kati ya tarehe hizo mbili. Kilichobadilika kwa sehemu kubwa ni hesabu: takwimu za pato la taifa zilikuwa zimefanyiwa marekebisho na wastani ukapanda. Marekebisho hayo yalikuwa halali na yalihitajika. Hata hivyo Umoja wa Mataifa bado unaiweka Komoro katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni kabisa, maana orodha hiyo inapima pia afya, elimu na wepesi wa uchumi kuyumbishwa na majanga. Nchi ni moja, vyeo ni viwili, na vyote viwili ni sahihi. Sitakaa hapa zaidi.

Anda, kwa ukubwa huu tunaouzungumzia, ni mila ya kisiwa cha Ngazija. Mwanamume aliyeitimiza huingia katika wandru wadzima, watu wazima wenye kauli mjini. Asiyeitimiza, hata akiwa na shahada na mvi, huhesabiwa miongoni mwa wanamdji, watoto wa mji. Kuitimiza kunadai dhahabu ya bibi harusi, ng’ombe, mchele, nguo na karamu za siku nyingi. Kila Julai na Agosti ndege zinazoingia Moroni hujaa jamaa wa ughaibuni, ambao wenyeji huwaita kwa Kifaransa “je viens”, na mji baada ya mji huanza shughuli. Hayo yote ni kweli wala siyapingi.

Kosa liko katika hesabu inayofuata. Anayesema kwamba fedha hizi zinapotea anadhani kwamba zilikuwa zimewekwa mahali, zikisubiri kuwa mtaji wa kiwanda, mpaka anda ikazipora. Hazikuwapo mahali popote. Mtu anayeishi Marseille ana benki yake kule, ana kodi ya nyumba kule, na watoto wake wanasoma kule. Kwa hesabu ya faida peke yake hana sababu ya kupeleka hata faranga moja kwenye kisiwa chenye umeme wa kukatikakatika na mahakama za mwendo wa pole. Anapeleka kwa sababu kuna mji mmoja Ngazija ambamo jina lake litatajwa au halitatajwa. Anda ndiyo kamba inayomfunga na mji huo. Fedha zinazotumwa na Wakomoro walioko nje zimekuwa takriban moja ya tano ya pato la taifa, zikiyapita kwa mbali mauzo yote ya bidhaa za nchi hiyo nje. Sisemi kwamba zote zinakuja kwa ajili ya anda. Nyingi ni za chakula, matibabu na ada za shule. Ninasema kwamba ukiikata kamba, usitegemee mzigo uendelee kufika.

Pia si kweli kwamba zikishafika huliwa zote. Kwa desturi ya Ngazija nyumba hujengwa kwa ajili ya binti, na mume huhamia kwa mkewe, kwa hiyo sehemu kubwa ya maandalizi ya miaka mingi ni matofali, saruji na mabati ambayo hubaki kuwa mali ya mwanamke. Dhahabu nayo hubaki mikononi mwake, na siku ya ugonjwa au ada huuzwa. Sehemu ya michango inayotolewa kwa mji imejenga misikiti, madarasa, barabara na matangi ya maji, katika kisiwa ambacho mwamba wake wa volkano hunyonya mvua yote na hakina mto unaotiririka mwaka mzima. Na karamu yenyewe ina sura ya upatu: unayemchangia leo atakuchangia kesho, na wanaohusika wanakumbuka nani alitoa nini. Mzee wangu wa benki angeviona vitu hivi vikiandikwa katika leja angeviita akiba, rehani na kodi ya halmashauri. Kwa kuwa vinapitia ngomani, anaviita ubadhirifu, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote.

Tena kuna ushahidi ambao watu huupita. Nzwani na Mwali, visiwa vingine viwili vya Komoro, havina anda ya kiwango cha Ngazija, na havikutajirika kwa kuikosa. Kisha kuna Ali Soilih, aliyeitawala Komoro kuanzia 1976 hadi alipopinduliwa Mei 1978 na mamluki wa Mfaransa Bob Denard. Alijaribu kuifuta anda kabisa, akiamini haya haya ninayoyapinga. Viwanda havikutokea, na baada ya kuanguka kwake mila ilirudi. Lakini lazima niseme kwamba mfano huu ni dhaifu kuliko ninavyopenda kuutumia. Ufaransa ilikuwa imeondoa watumishi na misaada yake, maelfu ya Wakomoro walirudishwa kutoka Majunga, Madagaska, baada ya mauaji ya huko, mwaka 1977 mlima Karthala ukalipuka, na utawala wenyewe haukudumu hata miaka mitatu. Hakuna sera ingeweza kupimwa kwa haki katika hali hiyo.

Hoja ya wapinzani wangu yenye nguvu ni nyingine, nayo hawaitumii inavyostahili: kwamba mchele, nguo, saruji na dhahabu za anda hutoka nje, hivyo fedha huingia kwa mlango mmoja na kutoka kwa mwingine. Ni kweli. Lakini mshahara wa mwalimu wa Moroni nao hutoka kwa mlango uleule, maana naye anakula mchele wa nje na kujenga kwa saruji ya nje. Swali basi si kwa nini watu wanasherehekea. Swali ni kwa nini hakuna cha kununua kilichotengenezwa nyumbani.

Tazama kile ambacho Komoro inauza: vanila, karafuu na mafuta ya langilangi yanayokwenda kwa watengenezaji wa manukato. Vitu hivi vitatu vinafanana kwa jambo moja, kwamba mzigo mdogo unabeba thamani kubwa. Mahali ambapo nauli ni ghali, bidhaa zinazosalimika ni zile ambazo nauli ni sehemu ndogo ya bei yake. Nyingine zote hufa kabla ya kufika sokoni. Moroni ina bandari ambayo meli kubwa hutia nanga nje yake, na shehena hushushwa kwanza kwenye matishali ndipo iletwe gatini, hivyo kila kontena hushikwa mara mbili. Mutsamudu, kule Nzwani, kuna kina cha kutosha, lakini mzigo wa Ngazija ukishushwa huko hulazimika kupakiwa tena na kuvuka bahari. Visiwa vitatu vinahitaji bandari tatu, viwanja vya ndege vitatu, hospitali tatu na vituo vya umeme wa dizeli vya kila kisiwa, kwa watu wote wasiofika milioni moja. Kiwanda cha sabuni kinachoagiza malighafi kupitia tishali, kinachowasha jenereta yake, na chenye wateja wa kisiwa kimoja, kitashindwa na sabuni iliyotoka Dar es Salaam ikiwa imekwisha kutengenezwa, hata kama mwenye kiwanda hajawahi kuchinja ng’ombe hata mmoja wa harusi.

Hapo ndipo huulizwa: mbona Morisi, nayo kisiwa kidogo, ilifanikiwa? Morisi ilikuwa na sukari iliyohakikishiwa bei na soko la Ulaya kwa Mkataba wa Lomé wa 1975, sheria ya maeneo huru ya viwanda ya 1970, na wawekezaji wa nguo waliokuwa wakitafuta nchi yenye nafasi katika mgao wa masoko ya Magharibi. Milango hiyo mitatu haiko wazi tena kwa namna ileile. Na hata Morisi ilipandishwa kuwa nchi ya kipato cha juu Julai 2020, ikashushwa mwaka uliofuata baada ya korona kuwazuia watalii.

Kuhusu sarafu nitakuwa mfupi. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye yuro kwa 491.96775 tangu 1999, jambo linalotuliza bei na kuinyima serikali uwezo wa kushusha thamani. Sidhani kushusha kungesaidia sana, kwa kuwa vanila huuzwa kwa bei ambayo kwa sehemu kubwa huamuliwa na mavuno ya Madagaska, na mchele ungepanda siku hiyohiyo.

Mashaka yangu mimi yako kwingine. Zipo familia ambazo anda imezitia katika madeni, na mtumishi wa umma mwenye deni la namna hiyo yuko karibu zaidi na kishawishi. Ardhi ya manyahuli, inayorithiwa kwa upande wa mama na isiyouzwa, inamlinda mwanamke na wakati huohuo inamnyima rehani ya kupelekea benki. Sijawahi kupata jibu linalotunza upande mmoja bila kuumiza mwingine. Mji wenye watoto wengi Ufaransa hupata barabara, mji wa jirani usio nao hubaki na vumbi, na serikali hupumua kwa kuwa hakuna anayeidai. Na kizazi cha tatu, wale waliozaliwa Marseille na wazazi waliozaliwa Marseille, hakina hakika kwamba kinataka kuwa wandru wadzima wa mji kinaouona kwa wiki tatu za Agosti. Ninaogopa zaidi siku watakapoacha kuja kuliko ninavyoogopa karamu zao.

Mzee wangu alinifuata hadi mlangoni akaniuliza, kama ningekuwa waziri wa fedha wa Komoro, ningepiga marufuku nini. Nilimwambia kwamba ningeanza kwa kutafuta hesabu moja, ya gharama zote za kontena moja kutoka pale meli ilipotia nanga hadi lango la bandari ya Moroni, na ningeitangaza kila mwezi. Alisema atafikiri.