Mnara wa Saa Uko Wapi? Namna ya kuzisoma na kuzitunza picha za mji na shamba

Watu huniletea picha za zamani za Beit al-Ajaib, lile jumba la kifalme la pwani ya mji wa Zanzibar, na kuniuliza ni za mwaka gani. Nami huanza kwa kuwauliza: mnara wa saa uko wapi? Ukiwa umesimama peke yake mbele ya jumba, picha hiyo ni ya kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku manowari za Kiingereza zilipoipiga kasri kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Mnara ule uliharibika, na jumba lilipofanyiwa matengenezo likapachikwa mnara wake usoni. Huo ndio tuliokua tukiuona kutoka Forodhani, mpaka tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jumba ilipoporomoka na mnara ukaenda nayo.

Kila picha ina alama kama hizo, ukijua pa kutazama. Bendera ya Zanzibar yenye ya Muungano pembeni haikuwepo kabla ya 2005. Vijiti na kamba za mwani katika maji ya Paje au Jambiani vinakwambia picha ni ya baada ya 1989, kilimo cha mwani wa kuuza kilipoanza pwani ya mashariki. Maghorofa ya Michenzani yakionekana, ujue picha ni ya baada ya Mapinduzi ya 1964.

Alama lakini hazisemi yote. Chukua shamba la mikarafuu la Pemba, lipige picha mwaka 1960 na ulirudie mwaka 1970. Utaona miti ile ile kwa safu zile zile, na karafuu zimeanikwa kwenye majamvi vile vile. Ilhali baina ya picha mbili hizo yamepita Mapinduzi ya Januari 1964, ardhi imechukuliwa na serikali na watu wamegawiwa eka tatu tatu. Badiliko kubwa kuliko yote katika maisha ya shamba halionekani hata kwa kioo cha kukuzia. Litajulikana tu kama kuna mtu aliandika nyuma ya picha: shamba hili ni la nani, na wanaochuma ni akina nani.

Ndiyo maana mimi huanza kuigeuza picha nione nyuma kabla ya kutazama mbele. Mara nyingi ni patupu.

Tuna picha moja ya Ng'ambo, mitaa ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe, haizidi kiganja cha mkono. Nyumba tano za udongo zimeezekwa makuti, mwanamke amejitanda kanga mlangoni, mtoto amekaa kizingitini na karai limefunikwa ukutani. Nyuma hapana hata herufi. Niliipeleka barazani Kikwajuni, wazee wakaipokezana. Mmoja akasema ni upande wa Kisiwandui, na wengine wakaanza kukubaliana naye. Bibi mmoja akawakatalia: "Si huko, nyie. Tazameni mfereji ule. Tukipanga ndoo pale tangu alfajiri." Alikuwa ameuona mfereji, yaani bomba la maji, pembeni kabisa ya picha, mdogo kama punje ya mchele, na mimi sikuwa nimeuona miaka yote ile. Nyumba zile zilivunjwa kupisha maghorofa ya Michenzani. Nikayaandika maneno yake siku ile ile, kwa idhini yake, pamoja na tarehe.

Picha za Ng'ambo za enzi hizo ni chache, na sababu yake inaeleweka. Wapiga picha wa mwanzo, kama vile studio ya A. C. Gomes, waliuza pia postikadi kwa abiria wa meli, na abiria alitaka kuuona mji kama alivyouona kutoka baharini: kasri, ngome, bandari. Picha ya Ng'ambo haikuwa na mnunuzi. Ranchhod Oza alifungua studio yake mwaka 1930, na huko familia nyingi zikaenda kupiga picha za harusi na za Idi. Baada ya 1964 kamera zikageukia ujenzi wa taifa na magwaride, na watu wengi walihama. Albamu zao zipo Muscat, London na Dar es Salaam, na ndani yake mna mitaa yetu nyuma ya bwana harusi. Ukiwa na jamaa huko, mwombe akupigie kopi.

Kwa wanaopiga leo, chagueni mahali pamoja na mparudie. Simama pale pale, mathalan kwenye ngazi za skuli au kona ya soko la Darajani, kila mwaka, kamera ikielekea upande ule ule. Barabara ikitaka kupanuliwa, iende ikapigwe kabla ya alama ya kubomoa kuwekwa ukutani. Na mtu aombwe kwanza. Akina mama wa mwani hupigwa picha kila siku na wapita njia, nao hawajui sura zao zimeishia wapi. Mwambie unaipeleka wapi, muulize jina lake kama ataridhia kuandikwa, kisha mpelekee nakala yake.

Picha ya simu ikitumwa kwa WhatsApp hupungua ubora na hupoteza tarehe yake ya asili. Itume kama faili, au uihifadhi kwenye diski mbili zilizo nyumba mbili.

Za karatasi, ziandike nyuma kwa penseli laini, ukingoni. Wino hupenya. Usizibandike kwa plasta, na usizitundike kwenye kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe, maana kuta hizo zinanyonya unyevu. Picha iliyogandamana na kioo cha fremu usiibandue: ipige hivyo hivyo, juu ya kioo. Na mwenye negativu za zamani azifungue azinuse. Zikitoa harufu ya siki, plastiki yake imeanza kuoza, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa zilizo jirani. Zitenge siku hiyo hiyo kwenye bahasha za karatasi, mahali penye baridi na pakavu, na zinakiliwe mwanzo kabla ya nyengine zote.