Mistari iliyopishana si siri

Kila picha ya barua ya mhamiaji wa Kiskoti ikiwekwa hadharani, yenye mistari ya wima juu ya mistari ya mlalo, lazima atokee mtu wa kusema: "Walikuwa wanaficha siri." Hapana. Ni gharama ya posta.

Kabla ya 1840 posta ya Uingereza ilitoza kwa umbali na idadi ya karatasi, na bahasha nayo ilihesabiwa karatasi. Kwa hiyo mtu alijaza ukurasa, akaugeuza robo duara, akaandika tena juu ya maneno yake. Kisha akaikunja karatasi yenyewe, akaandika anwani kwa nje na kuibana kwa lakiri, ile nta ya kufungia barua. Mwaka 1840 malipo yakawa kwa uzito, peni moja kwa nusu aunsi ndani ya Uingereza, yaani gramu 14 hivi, lakini mkono ulishazoea. Ndiyo maana utakuta mtindo huo hata baada ya hapo.

Kuisoma kunataka subira tu. Maliza safu ya mlalo yote, ndipo ugeuze. Ukirukaruka utaunganisha sentensi mbili zisizohusiana. Taa iwe pembeni, chini, si juu. Palipokuwa na lakiri karatasi huchanika barua inapofunguliwa, na maneno mawili matatu hupotea. Usiyabuni. Tazama kwanza chini ya lakiri yenyewe: mara nyingi kile kipande bado kimeganda pale.

Ukitaka kutafuta kilichofichwa, kitafute kwenye mistari iliyo wazi kabisa. Barua ilisomwa kwa sauti, wakasikia ndugu, majirani na pengine mchungaji. Kwa Waskoti wa Otago, New Zealand, makazi yaliyoanzishwa na watu wa Kanisa Huru la Uskoti mwaka 1848, kulikuwa na sikio jingine: Otago Journal, gazeti la Edinburgh lililochapisha barua za walowezi ili kuwavuta wengine. Barua ya kukatisha tamaa ingechapishwa ya nini? Basi ukiona sifa za ardhi na nyama, uliza kwanza kama unasoma karatasi yenyewe au chapa ya gazeti. Hata karatasi ikiwa mkononi, "sote wazima" hunitia shaka: ni taarifa, au ni salamu tu? Na mtu anaweza kueleza shamba lake kurasa nne asiwataje Ngāi Tahu, kabila la Wamaori, ambao eneo hilo la Otago lilinunuliwa kwao mwaka 1844 kwa pauni 2,400. Ukimya huo usiuchukue kuwa ardhi ilikuwa tupu.

Tarehe nazo zinapotosha. Tazama meli mbili za kwanza za walowezi hao: John Wickliffe iliondoka Gravesend, Uingereza, 24 Novemba 1847, ikafika Otago 23 Machi 1848. Philip Laing ilitoka Greenock, Uskoti, 27 Novemba, ikafika 15 Aprili. Swali na jibu lake, basi, ni miezi minane au zaidi, na majira yamepinduka: kiangazi cha Otago ni Desemba. Andika tarehe mbili kwa kila barua, ya kuandikwa na ya kupokelewa, ndipo uilinganishe na kitabu cha mazishi cha parokia ya nyumbani. Mara nyingine utamkuta kijana anauliza hali ya mama yake, na mama alishazikwa kabla wino haujakauka.