Kwa nini damu iliyoganda kwenye tundu la jino haitakiwi kuoshwa?

Niling'olewa gego la chini asubuhi, na jioni nikajitazama kwenye kioo. Ndani ya tundu kulikuwa na bonge jeusi lenye wekundu, laini, linalotikisika kila ulimi ukilipitia. Niliona ni uchafu. Nikachanganya maji ya vuguvugu na chumvi, nikasukutua kwa nguvu mara kadhaa mpaka likatoka, nikalala nikiamini kwamba kidonda sasa ni safi. Siku ya tatu maumivu yalianza upya, makali kuliko ya siku ya kwanza, yakipanda kutoka tayani hadi sikioni.

Wengi hufanya kosa hili kwa sababu tumezoea vidonda vya ngozi. Goti likichubuka, damu huganda, hukauka, na baada ya muda huwa kigaga kigumu. Kila mtu anakijua kigaga na anajua hakibanduliwi. Kinywani hakuna kinachokauka, kwa hiyo kigaga cha mdomoni hakina sura tuliyoizoea. Kinabaki laini na cheusi mithili ya kipande cha ini, na baada ya siku mbili tatu juu yake hutanda utando mweupe au wa manjano. Hapo watu hushtuka mara ya pili wakidhani ni usaha, wakaanza kukwangua kwa kijiti au pamba. Mara nyingi utando huo si usaha. Ni protini ya damu iliyoganda pamoja na tishu mpya inayoanza kuota. Usaha kwa kawaida huja na dalili nyingine: uvimbe unaozidi, homa, ladha mbaya isiyoisha.

Sasa, bonge hilo linafanya nini hasa? Jino likitoka huacha shimo lenye kuta za mfupa mtupu. Damu hulijaza na kuganda, ndiyo maana daktari hukuambia uume kitambaa cha shashi kwa nusu saa hivi bila kukitoa kila dakika kuangalia. Ndani ya bonge mna nyuzi nyembamba sana za fibrini zilizosukwa kama wavu. Fikiria mmea utambaao: hauwezi kupanda hewani, unahitaji fito za kushika. Seli zinazojenga tishu mpya na mishipa midogo ya damu huingia tunduni kutoka kwenye kuta zikitambaa juu ya nyuzi hizo. Kwa muda wa wiki moja hivi, sehemu kubwa ya bonge huwa imebadilishwa na tishu changa. Kisha ufizi huziba juu, na chini mfupa huanza kujijenga. Ukizing'oa fito siku ya kwanza, mmea hauna pa kushika, na mfupa wenye neva hubaki wazi kwa mate, chakula na hewa. Hali hiyo huitwa tundu kavu.

Lakini kuna jambo ambalo bado linanishangaza kila nikilifikiria. Bonge si lazima litolewe na mtu. Mwili wenyewe una kimeng'enya kiitwacho plasmini, ambacho kazi yake ni kukata nyuzi za fibrini zikishamaliza kazi. Mwaka 1973 mtafiti Birn wa Denmark alieleza kwamba jeraha la mfupa, pamoja na bakteria, vinaweza kuiamsha plasmini mapema mno. Fito hukatwa kabla mmea haujafika. Maelezo haya yanakubaliwa na wengi, ingawa hayamalizi kila swali, na yanasaidia kuelewa kwa nini maumivu huja siku ya pili hadi ya nne badala ya siku ileile, na kwa nini hata aliyefuata kila agizo anaweza kupatwa.

Idadi inayotajwa mara nyingi ni visa 1 hadi 5 vya tundu kavu kwa kila meno 100 yanayong'olewa kwa kawaida, na hupanda sana kwa magego ya mwisho ya taya la chini. Uvutaji wa sigara huongeza hatari, na vidonge vya uzazi wa mpango vimehusishwa nayo pia. Kuhusu mrija wa kunywea, ushahidi ni mdogo kuliko jinsi onyo lake linavyorudiwa. Hoja ni kwamba kufyonza kunaweza kulivuta bonge, na kwa kuwa kuuacha siku chache si shida, mimi ningeuacha.

Kwa saa 24 za kwanza, basi, usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usivute sigara, na usiguse tundu kwa ulimi wala kidole. Meno mengine yapigwe mswaki kama kawaida, kwa uangalifu karibu na kidonda. Baada ya hapo maji ya chumvi yana faida kubwa, kwa kuwa huondoa mabaki ya chakula: kijiko kimoja cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, kichwa ukikiinamisha huku na huku, kisha unaacha maji yadondoke yenyewe. Kuhusu dawa ya kusukutulia ya klorheksidini, tafiti zinaonyesha hupunguza uwezekano wa tundu kavu. Muulize daktari wako.

Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu kisha hushuka. Ukiendelea kupanda baada ya hapo, au ukipata homa, au damu isipokoma hata baada ya kuuma shashi, rudi kwa daktari. Ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, nenda hospitali mara moja.

Tundu kavu lenyewe antibayotiki haziliponyi. Daktari aliosha langu taratibu na kuweka dawa yenye eujenoli, kiungo kilichomo katika mafuta ya karafuu, na maumivu yakatulia siku ileile. Tishu ilitambaa kutoka kwenye kuta polepole mpaka ikalifunika. Ufizi ukishaziba, kazi ya mfupa bado huendelea chini kwa miezi, na picha ya eksirei inaweza kuonyesha umbo la mizizi ya jino ambalo halipo tena.