Floti Haibadilishi Maji

Kwa mara ya tatu tangu mvua za msimu huu zianze, nimeitwa katika nyumba ya mteja hapa Kigoma, safari hii eneo la Mwanga, na kuelezwa kwamba tangi la samaki limefungwa mfumo wa kujibadilisha maji lakini samaki wanaendelea kufa. Nilichokikuta ni kile kile nilichokuwa nimekikuta Gungu na Ujiji: mpira mwembamba ulioshushwa kutoka kwenye simtanki la juu, na mwishoni mwake floti ndogo ya plastiki iliyoning'inizwa ukingoni mwa kioo. Niliuliza maji yanatokea wapi, nikajibiwa kwa uhakika kamili kwamba hayahitaji kutoka, kwa sababu kila yanapopungua floti huingiza mapya. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi kupita kiasi, na ndilo linalonifanya niandike.

Floti hujazia, haibadilishi. Maji yanapopungua kwa mvuke, kinachopanda hewani ni maji matupu, ilhali chumvi, chokaa na naitreti (uchafu ulioyeyuka unaotokana na kinyesi cha samaki) hubaki ndani ya tangi. Maji ya bomba yanayoingia kufidia pengo hilo huja na madini yao, nayo hayana pa kwenda. Tuchukue tangi la lita 200 linalopoteza lita 2 kwa siku, kiasi cha kawaida kwa tangi lisilo na kifuniko katika joto letu. Baada ya siku 100, floti itakuwa imeingiza lita 200 nyingine, na madini yaliyomo yatakuwa maradufu ya yale ya siku ya kwanza, ingawa kwa macho kina cha maji hakijasogea hata kidogo. Pale Mwanga, utepe mweupe wa chokaa ulikuwa umeganda pande zote nne za kioo, kwenye usawa wa maji, mgumu kiasi kwamba ukucha haukuweza kuubandua. Utepe huo ulikuwa unasema kila kitu, lakini mwenye nyumba aliudhania kuwa sabuni.

Hayo ni madini peke yake. Kinyesi na mabaki ya chakula huzalisha amonia, bakteria wa kichujio huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti, na hapo kazi ya kichujio cha kawaida huishia. Naitreti huongezeka kila siku mpaka itolewe pamoja na maji. Ikiwa samaki wako wanaongeza miligramu 4 za naitreti kwa lita kila siku, basi kwa kubadilisha asilimia 10 ya maji kila siku kiwango kitatulia karibu na miligramu 40, na kwa asilimia 20 kitatulia karibu na 20. Kwa floti pekee hakitulii popote. Mwezi mmoja tu ni 120, na mwezi unaofuata mara mbili yake.

Kwa hiyo mfumo wa kweli una njia mbili, na mimi huanza na ile ya kutokea. Tundu la kufurikia hutobolewa juu ya kioo cha pembeni au cha nyuma, bomba likaelekezwa nje, na maji yakaondoka yenyewe kwa mteremko bila pampu wala umeme. Nasisitiza bila pampu, kwa sababu nimeshuhudia sebule zikifurika pale umeme ulipokatika, na matangi yakikauka pale pampu ilipozimwa huku mpira ukiendelea kujivutia maji. Bomba la kutokea liwe na uwezo unaozidi kwa mbali ule wa njia ya kuingilia, na mdomo wake uwekewe wavu ili konokono asiuzibe. Kabla ya kutoboa, hakikisha kioo si kile kilichokazwa kwa moto, kwani hicho hakitobolewi. Hupasuka chote kwa mara moja.

Maji ya kuingia huyapitisha kwenye dripu ya umwagiliaji, kile kidude kinachodondosha maji tone kwa tone. Dripu iliyoandikwa lita 2 kwa saa haitoi kiasi hicho kwa shinikizo dogo la simtanki lililo mita tatu juu, basi usiamini maandishi: kinga chupa ya lita moja, tazama saa, kisha fanya hesabu. Lita 20 kwa siku kwa tangi la lita 200 ni lita 600 kwa mwezi, yaani chini ya uniti moja ya maji (lita 1,000), na yanayotoka humwagiwa mchicha au migomba, ambayo huifurahia naitreti hiyo.

Wapo wanaonijibu kwamba Ziwa Tanganyika lenyewe halibadilishwi maji. Ziwa lina urefu wa takriban kilomita 670 na kina cha juu cha mita 1,470, na mwani wake hula naitrojeni mchana kutwa; tangi lako lina samaki ishirini katika lita 200. Zaidi ya hayo, mfano huo unaniunga mkono. Maji ya ziwa letu hupotea zaidi kwa mvuke, na ni kidogo yanayotoka kwa Mto Lukuga upande wa Kongo, ndiyo maana limejikusanyia madini mengi na pH yake, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, inakaribia 9. Ziwa lilichukua zama na zama kufikia hali hiyo, na samaki wake walizoea polepole pamoja nalo. Floti yako inataka kuwazoesha madini ya ziada kwa msimu mmoja.

Kwamba maji ya bomba ni salama kwa kuwa yametoka ziwa lile lile walikotoka samaki: hapana. Yametiwa klorini, nayo huunguza matamvua na kuua bakteria wa kichujio. Yapitishwe polepole kwenye kichujio cha mkaa maalumu, au yakae simtankini siku nzima yakipulizwa hewa. Mkaa wa kupikia si mkaa huo. Una majivu na hauwezi kazi hiyo, tafadhali msiutie.

Maji ya mvua nayo, yanayosifiwa kuwa safi kuliko yote, hayana karibu madini yoyote, na samaki wa Tanganyika hawayataki yakiwa peke yake.

Nasikia pia kwamba asilimia 10 kila siku ni sawa na asilimia 70 kwa wiki. Sivyo, kwa kuwa kila siku unatoa pia sehemu ya maji mapya ya jana. Kilichokuwemo mwanzoni hupungua kwa asilimia 52 hivi. Hata hivyo naupendelea utaratibu wa kila siku, kwa sababu samaki hawapati mshtuko.

Mshtuko huo ndio uliokuwa umewaua samaki wengine pale Mwanga: walipoanza kufa, mwenye nyumba alimwaga karibu maji yote na kujaza mapya usiku ule ule, na wale waliokuwa wamezoea maji yaliyojaa madini hawakustahimili. Klorini ikaua bakteria, amonia ikapanda, na katika pH ya 9 takriban theluthi ya amonia huwa katika hali yake ya sumu, wakati katika pH ya 7 haifiki hata asilimia 1. Wiki tatu baadaye, kichujio kilipokuwa kimeamka, naitreti ilikuwa imeshapanda tena mpaka kipimo kikaonyesha wekundu uliokolea. Nilitoboa kioo, nikafunga dripu na kichujio cha mkaa, nikaliacha tangi lipokee lita 20 kwa siku. Niliporudi siku ya kumi na nne kipimo kilikuwa na rangi ya chungwa, yaani naitreti imeshuka, na samaki sita waliosalia walikuwa wakikwangua mwani juu ya mawe.