Picha za zamani nazo zilichezewa

Wengi huamini kwamba picha ya zamani haijaguswa na mtu: kompyuta haikuwapo, basi nani angeichezea? Kwa hiyo anayeipaka rangi leo au kuibandikia vitambaa huonekana kuvunja desturi. Ni rahisi kuelewa imani hiyo ilikotoka.

Ila mikono iliitangulia kompyuta. Upigaji picha ulitangazwa Ufaransa mwaka 1839, na katika miaka ya 1840 mafundi walikwishaanza kupaka mashavu rangi ya waridi kwa brashi. Baadaye negativu, yaani vioo au filamu ambazo picha za karatasi hutolewa kwazo, zilitiwa penseli ili kufuta makunyanzi. Miaka ya 1860 na 1870, mabibi wa tabaka la juu Uingereza walikata vichwa vya watu kwenye picha na kuvibandika kwenye michoro ya rangi za maji, vingine juu ya miili ya bata. Bata, ndiyo!

Chukua picha ya babu, iinamishe karibu na dirisha: mara nyingi rangi ya mkono hung'aa tofauti na karatasi. Kwa kioo cha kukuzia, tafuta rangi iliyovuka ukingo wa nguo. Ikiwa ni nakala tu ya picha iliyopakwa rangi, mng'ao huo hutauona.

Ukitaka kuibandikia vitambaa vyako, toa nakala kwanza.