Akaunti ya melini: pesa ya matumizi kwenye meli ya kitalii inavyofanya kazi

Mama mdogo wangu anaishi Makole, hapa Dodoma. Ni mwalimu mstaafu, na bahari ameiona mara chache tu, alipovuka kwenda Unguja kwenye harusi. Binti yake aliyeko Marekani alimlipia safari ya siku saba kwenye meli ya kitalii: inang'oa nanga Miami, inapita Nassau kule Bahama na Cozumel nchini Meksiko, kisha inarudi Miami. Jioni moja akaniita. Nilipomwamkia tu, akaitikia marahaba na swali akalitoa papo hapo: "Mwanangu, tiketi imeshalipwa. Sasa nibebe shilingi ngapi?"

Nilimwambia shilingi abebe za kumfikisha uwanja wa ndege na za kumrudisha nyumbani, basi. Shilingi yetu haibadilishwi Miami wala Nassau. Kilichomshangaza zaidi ni nilipomwambia kwamba hata hizo dola atakazobeba, akishapanda melini hatanunulia hata soda. Kwenye meli hizi muuzaji hapokei noti. Kila kitu kinapita kwenye akaunti ya melini, na ndiyo dhana ninayotaka kuieleza hapa, kwa sababu asiyeielewa anaweza kujikuta na pesa nyingi mkobani na bado akakwama, au kadi yake ikagoma wakati anajua kabisa benki kuna hela.

Akaunti ya melini ni hesabu inayofunguliwa kwa jina lako siku unayopanda. Unapewa kadi ya plastiki, au wakati mwingine bangili, ambayo ndiyo ufunguo wa chumba chako, ndiyo kitambulisho chako cha kutoka na kuingia melini, na ndiyo unayolipia. Ukichukua juisi, mhudumu anaigusisha kadi kwenye mashine na deni linaandikwa. Mwisho wa safari unalipa yote kwa pamoja.

Mama mdogo alielewa haraka nilipomkumbusha daftari la Mangi, yule mwenye duka la mtaani. Sisi tuliokulia mitaa ya Majengo na Makole tunalijua vizuri: unatumwa sukari na sabuni, unasema "mama amesema uandike," na mwisho wa mwezi mama anakwenda kulipa. Akaunti ya melini ni daftari lile lile. Tofauti ni kwamba Mangi anakujua, anaijua nyumba yenu na anajua mshahara unaingia lini. Meli haikujui. Kwa hiyo kabla ya kukuandikia chochote inataka dhamana: ama kadi ya benki, ama pesa taslimu unayoiweka mapokezi.

Hapo kwenye dhamana ya kadi ndipo wengi wetu tunapoumia, kwa hiyo naomba tutulie kidogo.

Ukitoa kadi, meli haikukati pesa siku ile. Inaiomba benki yako ishikilie kiasi fulani. Pesa hiyo bado ni yako, ila huwezi kuigusa. Kadi za mkopo, ambazo Wamarekani wengi wanazitumia, zinabeba jambo hili bila maumivu kwa kuwa kinachoshikiliwa ni sehemu ya mkopo ambao mtu hajautumia. Kadi ya Mtanzania wa kawaida si ya namna hiyo. Imefungwa moja kwa moja kwenye akaunti yake ya akiba au ya mshahara, hivyo kinachoshikiliwa ni hela yake halisi.

Tuseme dola moja ni shilingi 2,500, ili hesabu iwe nyepesi. Una shilingi 1,000,000 benki. Meli inashikilia dola 200, yaani shilingi 500,000. Salio unaloweza kutumia linabaki 500,000. Wiki inaisha, umetumia dola 160, na meli inakata shilingi 400,000. Sasa angalia: ile 500,000 ya mwanzo inaweza ikawa bado haijaachiwa, maana benki huchukua siku kadhaa, wakati mwingine zaidi ya wiki, kuifungua. Ukichungulia salio unakuta 100,000. Hakuna aliyekuibia. Lakini kama ulikuwa unategemea pesa hiyo kulipia hoteli ya usiku mmoja Miami kabla ya ndege, umekwama ugenini. Isitoshe, kadiri unavyotumia, meli inaweza kuomba kushikilia zaidi katikati ya safari, na salio likiwa dogo kadi inakataa na unaitwa mapokezi.

Ndiyo maana kwa mtu wa hali yetu naona heri kuweka dhamana ya pesa taslimu, pale meli inaporuhusu, na nyingi zinaruhusu. Unakwenda mapokezi siku ya kwanza, unakabidhi kwa mfano dola 300, unapewa risiti, na matumizi yanakatwa humo. Zikiisha, kadi ya chumba inagoma mpaka uongeze. Zikibaki, unarudishiwa kabla ya kushuka. Mama mdogo alipenda njia hii mara moja. Alisema ni sawa na pindo la kanga: unafungua, unahesabu, unajua kilichobaki.

Kuna jambo lingine lazima lieleweke, nalo ni kile ambacho tiketi haijalipia. Tiketi inakupa chumba, chakula kwenye kumbi kuu, maji, chai, kahawa ya kawaida na burudani za jioni. Soda, vileo, migahawa maalumu, intaneti, picha zinazopigwa na wapiga picha wa meli, kufuliwa nguo na safari za nchi kavu zinazouzwa na meli, hivyo vyote unaandikiwa daftarini. Na zahanati ya meli pia inatoza, tena bei yake ni kali. Bima ya safari isiachwe nyumbani.

Halafu kuna bakshishi. Kwetu bakshishi ni hiari ya moyo. Kwenye meli nyingi za Kimarekani inaandikwa yenyewe kwenye akaunti yako, kila siku, kwa kila kichwa, hata kama hukununua kitu. Ukichukua dola 16 kwa siku, siku saba zinakuwa dola 112, yaani shilingi 280,000 kwa hesabu yetu ile. Juu ya vinywaji pia huongezwa asilimia 18 hadi 20 ya huduma. Kwa hiyo mtu anayesema "mimi sitanunua kitu, sihitaji pesa" tayari ana deni. Muulize mapema aliyekulipia tiketi kama bakshishi imo. Binti wa mama mdogo alikuwa hajailipia, na hakuwa na ubaya; alidhani mama anajua.

Pesa taslimu basi inahitajika wapi? Nchi kavu. Mpagazi wa Miami anayepokea begi lako hupewa dola moja au mbili kwa kila begi. Teksi, maji ya kunywa ufukweni, kikapu cha kumpelekea jirani. Nassau ni rahisi, kwa kuwa dola ya Bahama ina thamani sawa na ya Marekani na zote mbili zinapokelewa madukani, ingawa chenji unaweza kurudishiwa ya kwao. Cozumel wanatumia peso. Maduka ya watalii yanapokea dola, ila muuzaji ndiye anayejipangia kiwango, na hajipangii cha kujiumiza.

Kupata dola hapa Dodoma si kazi ngumu kama baadhi ya watu wanavyohofia. Mwaka 2019 maduka mengi ya kubadilishia fedha yalifungwa nchini, na tangu hapo wengi wetu tumezoea dirisha la benki. Kwa kawaida watataka kuona pasipoti na tiketi. Nenda mapema, usisubiri wiki ya safari, maana tawi linaweza kuishiwa noti za aina unayotaka. Mwaka 2023 tuliona dola zilivyoadimika, mtu anazunguka benki tatu nne anaambiwa arudi kesho. Mama mdogo aliniuliza pia kama kubeba dola ni kosa siku hizi. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza bei za ndani ya nchi kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Hazikukatazi kununua dola benki kwa ajili ya safari yako. Kinachotakiwa mpakani ni kutoa taarifa kwa maofisa ikiwa umebeba dola 10,000 au zaidi, na Marekani nako wanataka tamko kwa kiasi kinachozidi hicho. Kiwango hicho sisi hakituhusu sana, ila kama mko familia mmeweka pesa zote kwenye mkoba mmoja, ijueni.

Omba noti safi, zisizogongwa mhuri wala kuchanika. Omba na ndogo: moja moja, tano tano. Mtunza fedha anaweza kukuambia hana, hapo usihangaike, mapokezi ya meli hukuchenjia noti kubwa. Mashine ya kutolea fedha ya melini iache kabisa kama una njia nyingine, makato yake ni makubwa na benki yako nayo inakata yake.

Hata ukiamua dhamana iwe taslimu, chukua kadi kwa ajili ya dharura. Iwe na alama ya Visa au Mastercard, kwa sababu kadi yenye UmojaSwitch peke yake, ule mtandao wa benki zetu za ndani, inaishia hapa hapa nchini. Pita benki uwaambie unasafiri, wafungue matumizi ya nje. Pesa za kwenye simu, ambazo zimetuzoesha kutembea mikono mitupu kutoka soko la Majengo hadi stendi, melini hazina pa kulipia. Na mashine ya dukani ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa pesa ya pale, chagua ya pale. Ukichagua shilingi, kiwango anakuwekea mwenye mashine, nacho huwa kibaya kuliko cha benki yako.

Simu yenyewe iweke kwenye hali ya ndege mara meli inapoacha bandari. Ikijiunga na mtandao wa baharini, bando lako la nyumbani halihesabiki pale, na dakika chache tu zinaweza kumaliza salio lote.

Kubeba ndiko mama mdogo alikokuwa mwalimu wangu. Mimi nilikuja na habari za mikoba ya kuvaa chini ya nguo. Yeye akashona mfuko wa kitambaa wenye kifungo, wa kuvaa kiunoni ndani ya gauni, kama kibindo cha bibi yetu aliyekuwa akitoka Kondoa na hela za karanga. Humo akaweka noti kubwa na kadi mpaka alipofika chumbani, ambako kuna sefu ndogo unayoiwekea namba zako mwenyewe. Siku za kushuka alitoka na dola 40 tu, kadi ya chumba na nakala ya pasipoti. Mengine yalibaki sefuni.

Usiku wa mwisho hesabu inafungwa. Unaweza kuiona kwenye runinga ya chumbani au kuomba iliyochapwa. Isome mstari kwa mstari usiku ule ule, usingoje asubuhi, maana asubuhi foleni ya mapokezi ni ndefu na wahudumu wana haraka ya kupokea abiria wapya. Mama mdogo, mtu aliyesahihisha madaftari miaka yote, alikuta ameandikiwa maji ya chupa mawili ambayo hakuyafungua. Alikwenda na kalamu. Yakafutwa, naye akapokea salio la dhamana yake mkononi.

Alirudi na dola 61 za noti na sarafu chache. Noti ndogo benki na maduka ya fedha hapa kwetu huzipa kiwango cha chini kuliko noti za mia na hamsini, na sarafu hawazichukui kabisa. Zimalizie huko huko kwa chai ya uwanja wa ndege.